Umeme Umerudi, Menyu Haionekani: Tusiitangaze Fayawoli Kuwa Imekufa



Somo la robo hii linahusu kifaa ambacho wengi wetu hukipita tu mezani bila kukitazama, mpaka siku kinapogoma. Nacho ni fayawoli, yaani kompyuta inayokaa langoni, kati ya mtandao wa ofisi zetu na intaneti ya nje, ikiamua nini kiingie na nini kizuiwe. Katika vituo tunavyovihudumia, kazi hiyo mara nyingi hufanywa na kompyuta ya zamani iliyotolewa zawadi, ikawekewa programu ya pfSense. Programu hii ni ya bure. Ilianza mwaka 2004, ikatokana na nyingine iliyoitwa m0n0wall, na imejengwa juu ya mfumo wa FreeBSD.

Tatizo tunaloulizwa ni hili: umeme umekatika ghafla, umerudi, fundi amewasha skrini, na ile orodha ya namba aliyoizoea haipo. Skrini ni nyeusi, au maandishi yamesimama njiani. Kikao kinachofuata kinaletewa ombi la kununua kifaa kipya, na fedha hizo hutoka kwenye fungu lililochangwa kwa ajili ya zahanati au karo za wanafunzi. Kwa hiyo, kabla hatujanyoosha mikono kupitisha ombi hilo, tujifunze kuuliza maswali yanayofaa.

Menyu ya konsoli ni nini?

Ni orodha inayoonekana kwenye skrini iliyounganishwa moja kwa moja na fayawoli baada ya kuwaka. Namba 1 hupanga kadi za mtandao, namba 2 huweka anwani, namba 3 hurekebisha neno la siri, namba 5 huzima na kuwasha upya, namba 6 huzima kwa usalama, na namba 15 hurudisha mipangilio ya siku za karibuni. Namba 4 tuiogope: hufuta mipangilio yote na kuirudisha fayawoli kama ilivyotoka kwa watengenezaji.

Tukumbuke kwamba menyu si fayawoli yenyewe. Ni dirisha tu la kuitazamia. Dirisha likifungwa, mlinzi anaweza kuwa bado yupo kazini.

Kwa nini umeme unaokatika huleta madhara?

Tumfikirie mhasibu anayeandika mapato katika leja usiku, na taa ikazimika akiwa katikati ya mstari. Baadhi ya hesabu zimeandikwa, nyingine zilikuwa bado kichwani mwake. Kompyuta nayo hushika mambo kwenye kumbukumbu kabla ya kuyaandika kwenye diski. Umeme ukikatika katikati, diski hubaki na kurasa zisizokubaliana. Mfumo wa zamani wa kupanga faili, uitwao UFS, huumia zaidi kwa njia hii. Mfumo wa ZFS, uliopatikana kwenye pfSense kuanzia toleo 2.4 la mwaka 2017, na ambao ndio unaopendekezwa wakati wa kusakinisha tangu toleo 2.6 la mwaka 2022, huvumilia zaidi.

Madhara mengine hutokana na umeme unaporudi kwa nguvu kupita kiasi, ukaunguza kadi ya mtandao au kifaa kinachoipa kompyuta umeme.

Tuchunguze kwa mpangilio

*Hatua ya 1: Je, intaneti inafanya kazi?* Tuulize ofisi ya jirani kama wanapata barua pepe. Kisha tufungue ukurasa wa fayawoli kwa kompyuta nyingine ya ofisini, kwa kuandika anwani yake. Ya kawaida ni 192.168.1.1 kama haikubadilishwa. Ukurasa ukifunguka, fayawoli ni nzima, na kinachotafutwa ni skrini tu. Jambo la kwanza la kufanya hapo ni kuchukua nakala ya mipangilio.

*Hatua ya 2: Tusubiri, kisha tubonyeze Enter.* Umeme ukirudi, laini ya intaneti huenda bado haijarudi, na fayawoli inaweza kuchukua dakika kadhaa ikiitafuta kabla ya kuonyesha menyu. Tuangalie pia kitufe cha Scroll Lock kwenye kibodi, maana kikiwa kimebonyezwa, maandishi husimama. Na kama Enter inaleta ombi la jina na neno la siri, hakuna kilichoharibika: menyu imefungwa kwa neno la siri, na itaonekana baada ya kuingia.

*Hatua ya 3: Je, tunatazama mahali sahihi?* Fayawoli inaweza kuzungumza kupitia skrini ya kawaida, au kupitia kebo ya siriali inayounganishwa na kompyuta ya mkononi. Moja kati ya hizo huteuliwa kuwa ya kwanza, na ndiyo inayoonyesha hatua za kuwaka kwa pfSense. Nyingine hukaa kimya mpaka menyu itokee. Basi fayawoli ikikwama njiani ikisubiri jibu, swali lake litakuwa kwenye kebo, nasi tutakaa mbele ya skrini iliyonyamaza tukidhani imekufa. Tuunganishe kebo. Mwendo wa kawaida katika matoleo ya sasa ni 115200. Ukikosewa, huonekana herufi zisizosomeka.

*Hatua ya 4: Je, kuna swali linalosubiri jibu?* Tusome mstari wa mwisho, tuupige picha kwa simu. Kama fayawoli inauliza kadi za mtandao zipangwe upya, maana yake kadi moja iliyokuwepo jana haionekani leo. Huenda imeungua au imelegea. Kinachohitajika ni kadi, si kompyuta nzima. Kama mstari unasomeka *mountroot*, basi haioni diski inayotakiwa kuanzia; tukague nyaya za diski kwanza, kompyuta ikiwa imezimwa na kuchomolewa.

*Hatua ya 5: Je, betri ndogo imeisha?* Ndani ya kompyuta nyingi mna betri ya mviringo, mara nyingi aina ya CR2032, inayotunza saa na mipangilio ya kuwakia. Ikiisha, kila umeme unapokatika kompyuta husahau tarehe na diski ya kuanzia, au husimama ikidai kitufe cha F1 kibonyezwe. Saa ikionyesha mwaka wa zamani, tubadilishe betri hiyo kabla ya jambo lingine lolote.

*Hatua ya 6: Tuisafishe diski.* Kama maandishi yanataja makosa ya faili na diski ni ya UFS, fundi awashe upya, na kwenye orodha ya mwanzo achague namba 2, yaani kuwaka kwa mtumiaji mmoja. Abonyeze Enter anapoulizwa, kisha aandike:

fsck -y /

Amri hii irudiwe mara tatu hadi tano, hata kama mara ya kwanza imesema diski ni safi, kwa kuwa kosa moja huweza kuficha jingine. Akimaliza, aandike *reboot*. Diski ya ZFS haihitaji amri hii.

*Hatua ya 7: Kusakinisha upya.* Ikiwa yote yameshindikana, pfSense husakinishwa upya kwa kijiti cha USB, na mipangilio hurudishwa kutoka kwenye faili moja tu, config.xml. Mwenye nakala ya faili hilo hurudi kazini siku hiyohiyo. Asiye nayo huanza kukumbuka sheria moja baada ya nyingine. Tuangalie pia umri wa kompyuta: tangu toleo 2.4, pfSense haikubali tena mashine za biti 32, hivyo baadhi ya kompyuta za zawadi haziwezi kupewa toleo jipya.

Mambo matatu ya kuepuka

Kwanza, tusizime na kuwasha kwa kuchomoa waya mara kwa mara tukitumaini bahati. Kila mara tunapofanya hivyo tunarudia ajali ileile iliyotuumiza. Pili, mtu asichague namba 4 kwa sababu tu menyu imerudi na intaneti bado haijarudi. Tatu, fundi asiondoke na diski kabla kamati haijajua kama kuna nakala, kwa kuwa ndani yake mna maneno ya siri na ramani ya mtandao wetu wote.

Sehemu ya kamati

Mengi ya hayo ni kazi ya fundi. Lakini yapo ambayo fundi hawezi kuyafanya bila kamati.

Umeme utaendelea kukatika. Kenya ilikaa gizani karibu nchi nzima Agosti 2023, na Tanzania ilipatwa na hitilafu ya gridi ya taifa Aprili 2024, achilia mbali kukatika kwa kila wiki huko vijijini. Kwa hiyo kamati ipange fungu la UPS ndogo kwa ajili ya fayawoli na modemu. UPS inayoweza kuzungumza kwa kebo ya USB ni bora zaidi: pfSense ina programu za nyongeza, NUT na apcupsd, zinazoizima fayawoli kwa usalama betri inapokaribia kuisha. Betri ya UPS nayo huchoka, hivyo iwe na mstari wake katika bajeti.

Pili, kamati idai nakala ya config.xml kila baada ya mabadiliko, ikatunzwe mahali pawili, pamoja na daftari lenye anwani, aina ya kebo ya konsoli na toleo lililosakinishwa. Maneno ya siri yawekwe kwenye bahasha iliyofungwa, katika kasha la parokia.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi: ombi la fayawoli mpya likiwafikia, ni haki yenu kuuliza ni hatua zipi zilizofuatwa na mstari wa mwisho kwenye skrini ulisomekaje. Swali hilo si dharau kwa fundi. Fundi mzuri atakuwa na jibu, na picha pia.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Nakala ya mwisho ya mipangilio ya fayawoli yetu ilichukuliwa lini, na iko wapi?
2. Fundi wetu akisafiri, nani mwingine anajua kuunganisha kebo ya konsoli?
3. Umeme ukikatika sasa hivi, fayawoli yetu itakaa dakika ngapi, na itajizima yenyewe?
4. Bei ya UPS na betri ikilinganishwa na ya kompyuta mpya, tunaanza na kipi mwaka huu?