Mbona Muuguzi Alimkataza Dada Tembe Zile?

Mwaka huu sikuleta shairi. Nimeleta somo la kemia, nalo lilianzia kliniki.

Dadangu ni mjamzito. Huku kwetu Kilifi malaria iko, kwa hivyo kliniki walimpa tembe za SP za kumkinga. Muuguzi alipoona tembe za asidi ya foliki za miligramu 5 ambazo dada alijinunulia, akamwambia, "Mama, hizi weka kando. Meza hizi zetu za mikrogramu 400." Dada alirudi amenuna. Alidhani vitamini ikiwa nyingi ndiyo afya ya mtoto, nami nikamwunga mkono. Kumbe sote tulikosea!

Mwalimu wetu wa kemia alinielekeza kwa asidi moja, PABA, yaani asidi ya para-aminobenzoiki. Fomula yake ni C7H7NO2. Chora duara la benzini: upande mmja weka NH2, upande unaoelekeana nao weka COOH. Basi, umemaliza.

Bakteria na mimea hujitengenezea PABA. Huanza na korismati. Kimeng'enya cha kwanza huipachika kundi la amino kutoka kwa glutamini, cha pili hukata piruvati, PABA ikabaki. Kisha PABA huunganishwa na pteridini na glutamati, ikawa foleti, vitamini B9. Bila foleti seli haiwezi kutengeneza DNA. Sisi binadamu hatuna vimeng'enya hivyo. Foleti yetu twaila katika mchicha, kunde na maharagwe.

Kijidudu cha malaria nacho hujiundia foleti kwa PABA. Hapo ndipo SP humtega. Sulfadoksini iliyo ndani yake yafanana na PABA kama pacha. Kimeng'enya hushika pacha huyo wa uongo, kazi ikakwama. Ujanja huu ulifichuliwa na Donald Woods wa Uingereza mwaka 1940: alipowaongezea bakteria PABA, dawa ya salfa ilishindwa nguvu.

Sasa jibu ni hili. Asidi ya foliki ikizidi, kijidudu hupata vitamini iliyo tayari, na SP hudhoofika. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lakataza miligramu 5 au zaidi pamoja na SP. Mikrogramu 400 haina neno, tena mtoto aihitaji.

Dada sasa anameza za kliniki tu. Nami nimejua kwamba kuuliza si ujinga. Ujinga ni kununa bila kuuliza. Kwaherini!