Jeraha Lisilo na Alama



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya ulevi, wakwe na fedha. Leo nawaomba tuangalie jambo ambalo hapa kwetu Butali hutajwa kwa sauti ya chini tu: mke au mume ambaye hapigwi, hafukuzwi, wala hanyimwi chakula, lakini kila siku anavunjwa moyo na mwenzake wa ndoa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa jumuiya yetu ndogondogo alinisubiri baada ya Misa. Akasema, "Katekista, sina alama ya kukuonyesha." Mumewe alimwita mjinga mbele ya watoto, alihesabu dakika alizokaa sokoni, na aliweza kunyamaza majuma mawili kwa sababu ya chumvi iliyozidi kwenye mboga. Pesa za miwa zikiingia, alimwonyesha noti, kisha akazirudisha mfukoni.

Nami nilifanya nini? Niliwaita wote wawili pamoja na wazee wawili, nikamtaka mama aseme yote mbele ya mumewe. Baba yule alikubali kila neno kwa upole, akaomba msamaha. Tulisali, tukanywa chai, nikarudi nyumbani nimeridhika. Kumbe walipofika kwao, kila neno alilolisema yule mama lilirudishwa kwake kama mashtaka. Kwa mwaka mzima hakunieleza tena lolote.

Ndugu msomaji, kupatanisha si kuponya. Wazee wetu wanajua vizuri kupatanisha watu wawili waliokoseana. Lakini mmoja anapomtawala mwenzake kwa matusi, vitisho na kimya, hapo hakuna ugomvi wa kupatanishwa. Kuna mtu aliyeumizwa. Huyo anahitaji kwanza kusikilizwa akiwa peke yake, tena na mtu aliyejifunza kazi hiyo.

Utauliza, je, maneno matupu yanaweza kumfanya mtu ahitaji matibabu? Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Aliyeambiwa miaka mingi kwamba hana akili huishia kuamini. Usingizi unampotea. Moyo unamdunda akisikia mlango ukifunguliwa. Hawezi kukubali bei ya kuku bila kuomba ruhusa, na kila kinachoharibika nyumbani anajiona yeye ndiye chanzo. Hata Serikali imeliona jambo hili: sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani inataja pia kuumizwa kihisia na kwa maneno, na kubanwa kwa njia ya fedha. Sheria hiyo inawakinga akina baba pia, ambao wengi wao huona haya kusema.

Basi aende wapi? Anayeishi Butali anaweza kuanzia hospitali ya Malava au hospitali kuu ya Kakamega. Mweleze mhudumu wa afya kwamba unaumizwa nyumbani, na umwombe akuelekeze kwa mshauri nasaha. Kuna pia namba ya simu 1195, isiyolipiwa, ya kuwasaidia wanaotendewa ukatili. Ukienda kwa mshauri wa kulipwa, uliza ada mapema, na uliza kama amesajiliwa, kwa maana tangu mwaka 2014 tuna sheria inayosimamia washauri na wanasaikolojia. Kama mwenzako hupekua vitu vyako, usiache kadi wala namba ya simu mahali atakapoiona.

Mshauri hatakuamulia kama ubaki au uondoke. Mara nyingi mtakutana karibu saa moja kila juma, pengine kwa miezi mingi, naye atakusaidia kutenganisha yaliyo kweli na yale uliyoaminishwa. Ana wajibu wa kutunza siri yako, isipokuwa pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini. Ukiona anakimbilia kukuambia "vumilia tu", au anataka mumeo aletwe siku ya kwanza, tafuta mwingine. Nasema hivyo nikikumbuka kwamba mimi mwenyewe nilikuwa mshauri wa namna hiyo.

Wengine wanasema kitubio kinatosha. Kitubio ni kwa ajili ya dhambi zetu, na kutukanwa na mwenzako si dhambi yako. Padri anaweza kukufariji na kukuombea, lakini hilo halizuii kwenda kwa mshauri. Tena msidhani Kanisa linamfunga mtu ndani ya mateso. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, inamruhusu mwenye ndoa kutengana na mwenzake anayemtia katika hatari kubwa ya roho au mwili. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliandika katika Amoris Laetitia kwamba mara nyingine kutengana ni wajibu wa kimaadili, ili kumwokoa aliye dhaifu na watoto. Kutengana huko hakuvunji ndoa.

Na wewe unayesoma ukajitambua katika yule baba, nenda nawe kwa mshauri, lakini kwa siku yako, wala usimdai mwenzako akueleze aliyoyazungumza kwake.

Mama yule alirudi mwaka wa pili. Safari hii nilinyamaza, nikamwita mke wangu. Yeye ndiye aliyemsindikiza kwa matatu hadi Kakamega, Jumanne baada ya Jumanne. Mumewe bado hajakubali kwenda. Zamani tulipomwomba mama huyo asome somo kanisani alikataa, akisema hajui kusoma vizuri. Jumapili iliyopita alisoma somo la kwanza, bila kukosea, na watoto wake walikaa benchi la mbele.