Kutobolewa koo kwa mgonjwa wa ALS: nani atakesha?

Mume wangu ana ALS na pumzi inazidi kumwishia. Daktari ametaja kumtoboa koo na kumuunganisha na mashine. Je, atapona?

Hatapona, na hilo lisemwe kabla ya mengine yote. ALS huua seli za neva zinazoamrisha misuli: ya mikono, ya miguu, ya ulimi, na mwishowe kiwambo, msuli unaovuta hewa mapafuni. Wagonjwa wengi huishi kati ya miaka 2 na 5 tangu dalili za kwanza, na mara nyingi kinachowaondoa ni kushindwa kupumua. Trakeostomi, yaani tundu linalotobolewa chini ya zoloto na kupitishiwa bomba, huondoa tatizo hilo moja tu. Inaweza kuongeza miaka, pengine mingi, lakini ugonjwa wenyewe unaendelea kula misuli iliyobaki. Kwa hiyo kumuuliza mgonjwa kama anataka kuishi hakutoshi. Karibu kila mtu atajibu kwamba anataka. Familia inapaswa pia kujua nani atakuwa macho saa tisa usiku bomba linapoziba.

Si mashine ndiyo itakayofanya kazi?

Mashine husukuma hewa, makohozi haiyaondoi. Asiyeweza kukohoa hufyonzwa makohozi mara nyingi, mchana na usiku, na mtu aliyefundishwa. Hawezi kuachwa peke yake hata kwa muda wa kwenda dukani, kwa kuwa bomba likichomoka hana mkono wa kulirudisha wala sauti ya kuita. Anayeishi mahali umeme unapokatika ovyo ahesabu betri na jenereta kuwa sehemu ya matibabu, sawa na dawa. Ukitaka kuona uzito wa jambo hili, tazama Japan. Huko wanaochagua trakeostomi ni wengi kuliko Ulaya au Marekani, na sababu moja kubwa ni kwamba bima na mipango ya serikali hulipia sehemu kubwa ya uuguzi wa nyumbani. Mwaka 2019 Yasuhiko Funago, mwenye ALS na mashine ya kupumulia, alichaguliwa kuingia baraza la juu la bunge la nchi hiyo. Hata hapo ilibidi kwanza iamuliwe nani atawalipa wasaidizi wake saa za kazi.

Wapo wanaosema maisha ya kwenye mashine si maisha. Ushahidi hauwaungi mkono sana. Katika utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2003, wagonjwa wengi wenye trakeostomi waliona maisha yao bado yana thamani. Walioumia ni walio pembeni ya kitanda: karibu theluthi moja ya waliowauguza waliyaona maisha yao wenyewe kuwa duni kuliko ya mgonjwa. Takwimu hiyo ndiyo inayopaswa kuwekwa mezani siku ya kuamua, na ndiyo ambayo hutajwa kwa nadra.

Lakini mwanafizikia Stephen Hawking, naye mwenye ALS, aliishi miaka mingi na tundu kooni.

Kweli. Mwaka 1985 aliugua nimonia Geneva, madaktari wakamweleza mkewe Jane kwamba mashine inaweza kuzimwa, naye akakataa. Hawking alitobolewa koo, akapoteza sauti, akaishi hadi 2018. Ila ugonjwa wake ulikwenda polepole mno; uligunduliwa mwaka 1963. Tena wauguzi wa zamu usiku na mchana walilipwa kwa fedha za wakfu wa Marekani. Anayemtaja Hawking auhesabu na mshahara wa wauguzi hao.

Nikisema sitaweza, si nitakuwa nimemuua?

Hapana. Kinachoua ni ugonjwa. Papa Pius XII alilijibu swali hili mwaka 1957 mbele ya madaktari wa usingizi: hakuna wajibu wa kutumia njia zilizopita kiasi kurefusha uhai. Nao mafakihi wengi wa Kiislamu hawakuihesabu tiba yenye matokeo ya shaka kuwa faradhi. Uchovu wako si ubinafsi. Ni sehemu ya hali halisi ambayo mgonjwa ana haki ya kuijua kabla ya kuchagua, kwa sababu wewe ukianguka, yeye hana pa kushika. Mwambie waziwazi, mbele ya daktari. Kukataa bomba pia si kumtelekeza. Kuna mashine ya barakoa isiyohitaji kutoboa. Jaribio la Uingereza la mwaka 2006 lilionyesha kuwa iliongeza takriban siku 205 za uhai kwa wale ambao misuli ya koo haikuwa imedhoofika sana. Na dhiki ya kukosa hewa hutulizwa kwa morfini ya kunywa, ambayo shirika la Hospice Africa Uganda limekuwa likiitumia tangu 1993 kwa wagonjwa wanaougulia majumbani.

Tuamue lini?

Angali anaweza kusema, au walau kuonyesha herufi kwa macho. Trakeostomi nyingi za ALS hufanywa kwa dharura: mgonjwa ameishiwa hewa, ndugu wanalia, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Aulizwe pia swali la pili, ambalo familia hulikwepa: akifika hali gani angetaka mashine isitishwe? Baadhi ya wanaoishi miaka mingi kwenye mashine hupoteza hata mwendo wa macho, na hapo hakuna wa kuulizwa tena. Uingereza na Marekani mgonjwa anaweza kudai mashine iondolewe. Japan madaktari wengi huogopa kushtakiwa, hivyo aliyeingia huenda asiweze kutoka. Sheria ya mahali mlipo iulizwe kabla ya kutobolewa. Majibu ya mgonjwa kwa maswali yote mawili yaandikwe, nakala moja ikae kwenye faili la hospitali na nyingine kwa yeyote atakayemkimbiza huko usiku, kwani daktari wa zamu asiyemfahamu ataingiza bomba kwanza.