Msafara wa Thomson Nchini Kwetu Kajiado
Wanachama wenzangu, mwaka 1845 Franklin alielekea Aktiki na merikebu mbili. Watu 129 wakaangamia barafuni. Sisi wa Kitengela na Kajiado barafu hatuna, lakini weupe upo: magadi ya Amboseli. Mwaka 1883 Joseph Thomson, Mskoti wa miaka 25, aliingia Umasaini, mambo yakachacha, akarudi Taveta. Mara ya pili aliandamana na Jumba Kimameta, mfanyabiashara wa pwani, wakakata jangwa hilo hadi Ngong. Kila kituo walidaiwa hongo: waya, shanga, nguo. (Hongo hii si rushwa, jamani, ni ushuru wa njia.) Thomson akajifanya mganga kwa kuchomoa meno yake ya bandia! Ila mizigo ilibebwa na wapagazi. Hata nyati alipompiga pembe mwishoni mwa mwaka huo, na kuhara damu kulipomlaza 1884, waliombeba kwa machela ni haohao.