Picha za Mkanda Kando ya Reli: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Vijana wamerudi kwenye kamera za mkanda, nami nafurahi. Kisichonifurahisha ni yale ninayoyaona kando ya reli ya kati jijini Dar es Salaam, kuanzia Kamata hadi Buguruni kwa Mnyamani na Tabata Relini. Mpiga picha kasimama katikati ya mataruma, jicho kwenye kamera, mgongo upande inakotokea treni. Mwingine kamwelekezea lenzi mama lishe bila hata salamu, kapiga, kaondoka. Wa tatu karudi nyumbani na mkanda mzuri, akauharibu kwa maji ya moto ya bombani. Yote haya yanazuilika. Soma, kisha ufuate.

RELINI: FANYA

Kaa mbali na chuma. Reli ya zamani ina upana wa mita moja tu kati ya chuma na chuma, lakini behewa ni pana kuliko hapo na linachomoza karibu mita moja kila upande. Ukisimama hatua moja nje ya reli hujatoka njiani. Bado uko ndani ya njia ya behewa.

Toa jicho kwenye kamera kila baada ya picha. Tazama kushoto, tazama kulia, ndipo upige nyingine. Lenzi pana ya milimita 28 huionyesha treni iko mbali kuliko ilivyo. Unaona kichwa cha treni kidogo kwenye kidirisha, unajipa sekunde kumi, kumbe una nne.

Nenda na mwenzako asiye na kamera. Wapiga picha wawili ni watu wawili wasiotazama treni.

Pita stesheni kwanza. Jieleze kwa mkuu wa stesheni, omba kibali. Kisha pita ofisi ya serikali ya mtaa. Ukikamatwa na walinzi huna karatasi, mkanda wako utafunguliwa juani na utaungua wote, na hutakuwa na la kusema.

RELINI: USIFANYE

Usitegemee masikio. Buguruni kuna mashine za kusaga, spika za maduka na honi za bodaboda, na treni ya umeme ya reli ya kisasa (SGR) inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa bila muungurumo wa dizeli. Ukiisikia, imeshafika.

Usinyanyue stendi ya kamera wala fimbo yoyote karibu na nyaya za SGR. Zina volti 25,000. Umeme wa kiwango hicho hausubiri kuguswa, unaruka.

Usimkalishe mtoto relini. Hili nitalirudia hadi sauti ikauke. Mpiga picha anamwona mtoto mwenye sare ya shule, anaona vyuma viwili vinavyokwenda kukutana mbali, anamwambia: kaa hapo katikati, tazama huku. Anapiga picha tatu, anashukuru, anaondoka. Kesho mtoto yule anakaa palepale na wenzake watano, kwa sababu mtu mzima mwenye kamera alimfundisha kwamba hapo ni mahali pa kukaa. Treni ya mizigo iliyojaa haisimami ndani ya mita hamsini hata dereva akivuta breki zote. Hakuna picha duniani inayostahili hatari hiyo, na hiyo yako imeshapigwa na watu elfu kabla yako.

Usiwalipe watoto ili wapige mbio kando ya behewa. Sababu ni ileile.

KWA WATU: FANYA

Salimia. Mkubwa mpe shikamoo yake, usubiri marahaba. Asiyejua kuamkia asije kupiga picha uswahilini.

Omba ruhusa kabla ya kupiga. Kamera ya kidijitali humpa mtu nafasi ya kusema "hebu nione", na asipopenda, "futa". Mkanda haumpi nafasi hiyo. Akishapigwa amepigwa. Wewe mwenyewe hujui umechukua nini hadi usafishe, na yeye hana njia ya kuikataa sura yake akiwa amekunja uso au kanga imeteleza begani. Kwa hiyo wajibu wako ni mkubwa kuliko wa mwenye simu. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na sura ya mtu anayetambulika si mali yako kwa sababu tu ulinunua mkanda.

Utaniambia kwamba ukiomba, mtu anajipanga, uhalisia unapotea. Kaa basi. Agiza chai na chapati, kula, lipa. Baada ya nusu saa mama lishe amekuzoea. Anarudi kwenye kazi yake: anakung'uta unga viganjani, anageuza chapati kwa ncha za vidole, honi inalia, anavuta benchi lake ndani kwa mguu bila hata kutazama, mabehewa yanapita, benchi linarudi nje. Hiyo ndiyo picha, na wapiga mbiombio wote wameikosa. Walikuwa na haraka.

Rudisha picha. Si kwa simu: chapa kwenye karatasi, saizi ya kuwekwa ukutani. Andika kwenye daftari tarehe, mtaa na namba ya picha katika mkanda ili ujue unadaiwa nini na nani. Mimi mpiga picha asiyerudisha simhesabu kuwa mwenzangu.

KWA WATU: USIFANYE

Usimpige mlevi aliyelala, mama anayemwogesha mtoto, wala mgonjwa. Hawakuja relini kwa ajili yako. Wanaishi pale.

Usichapishe sura ya mchuuzi pamoja na mahali halisi anapotandaza bidhaa zake. Wengi wamo ndani ya hifadhi ya reli. Picha yako yenye bango la duka nyuma na jina la mtaa chini ni ushahidi dhidi yake, na siku mgambo wakija hutakuwepo kumbebea meza. Vivyo hivyo kwa nyumba zenye alama ya X ya kubomolewa. Ukuta upige, kwa kuwa kesho unaweza usiwepo. Mwenye nyumba mwache mlangoni kwake hadi akukaribishe mwenyewe.

Usitafute ufukara. Kando ya reli kuna fundi cherehani, kinyozi, mzee wa bao, binti anayesoma kwa mtihani. Ukirudi na mkanda wa picha 36 na zote ni matope na nguo zilizochanika, umedanganya.

MWANGA: FANYA

Pima mwanga usoni. Kipimo cha kamera hudhani kila kitu ni kijivu cha wastani. Mtu mweusi akisimama na anga jeupe nyuma yake, kipimo kinasoma anga, uso unatoka kama shimo. Sogea karibu, pima shavu lenye kivuli, au ongeza hatua moja na nusu ya mwanga juu ya kipimo. Mikanda ya ISO 400 kama Ilford HP5 Plus na Kodak Tri-X inavumilia mwanga wa ziada. Uhaba wa mwanga haiuvumilii hivyo.

Kwa jua kali na mkanda wa 400, anza na 1/500 kwa f/16. Chini ya kibanda shuka hatua nne: 1/250 kwa f/5.6.

MWANGA: USIFANYE

Usisukume mkanda wa 400 hadi 1600 mchana kweupe kwa kupenda chengachenga. Unaua vivuli, na nyuso za watu wetu zimo ndani ya vivuli hivyo.

Usibadilishe mkanda juani. Geuka, ufunike kwa mwili wako.

DAWA: FANYA

Poza maji. Dawa za kusafishia mkanda hupimwa kwa nyuzi 20, na bomba la Dar halijawahi kufika huko. Weka chupa za dawa kwenye beseni la maji na barafu ya mfuko, tumia kipimajoto. HP5 Plus iliyopigwa kwa 400 huchukua dakika 7 na nusu kwenye dawa ya ID-11 isiyochanganywa na maji, kwa nyuzi 20. Ukiisafisha kwenye joto la bombani muda unashuka chini ya dakika tano, na hapo dawa hailambi sawasawa: anga linatoka na mabaka.

Suuza vizuri. Jaza tangi maji ya joto lilelile, pindua mara tano, mwaga. Jaza, pindua mara kumi, mwaga. Jaza, pindua mara ishirini, mwaga.

DAWA: USIFANYE

Usiweke dawa kwenye chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi karatasi uliyobandika.

Usimwage dawa ya kukazia mtaroni. Ina fedha iliyotoka kwenye mkanda, na mitaro ya Buguruni na Vingunguti inakwenda Mto Msimbazi, ambao maji yake watu wanamwagilia mchicha. Ihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, tumbukiza stiliwaya ya chuma kinachoshika kutu, uache siku kadhaa: fedha hunasa kwenye chuma. Hata hivyo maji yanayobaki usiyapeleke mtoni.

Usiache kamera kwenye begi lake la ngozi masika yote. Kuvu huota ndani ya lenzi, na fundi wa kuiondoa humpati kirahisi.

Ukirudi Buguruni wiki ijayo, beba kwanza picha za watu wa wiki iliyopita. Usipokuwa nazo, mkanda mpya uache nyumbani.