Redio ya intaneti ya nyumbani: tusafishe sauti mbele ya kulaumu rezo



Kooperative zingine sasa ziko na redio yao ya intaneti: chumba kimoja katika nyumba ya memba, ordinateri moja, mikro moja, na wakulima wanasikiliza somo kwa telefone. Ni kazi nzuri. Lakini mara mingi sauti iko mubaya, na tukiuliza tunajibiwa: ni rezo. Rezo inasumbua kweli, hatukatai. Ila sehemu kubwa ya ubaya inaingia mbele sauti haijafika kwenye rezo: inaingia katika chumba, mbele ya mikro, na katika reglaje ya programu. Na huko kutengeneza hakuombi franka mingi.

Kwa nini sisi agronomu tunajihusisha na mambo ya sauti? Tuchukue mfano wa mnyauko wa migomba, ule ugonjwa ulioonekana Masisi mwaka wa 2001 na kuenea mahali pengi katika Kivu. Zamani mkulima aliambiwa kungoa mgomba mgonjwa pamoja na watoto wake wote. Leo tunafundisha kukata shina lenye alama za ugonjwa tu, kulikata chini kabisa, kuchoma panga katika moto mbele ya kugusa mgomba mwingine, na kuvunja ua la kiume kwa mti wenye panda, si kwa kisu. Sasa angalia: «kata shina lenye ugonjwa tu». Lile neno «tu» ni fupi sana. Kama sauti imekatika hapo, mama anayesikiliza pembeni ya shamba anaweza kuelewa somo la zamani na kuangusha kitalu kizima ambacho kilikuwa kitamlisha.

Hesabu njo mbaya zaidi. «Sita» na «tisa» ziko na vokali zile zile. Kinachozitofautisha ni s na t peke yake. Hata tukisema kwa Kifaransa, kama vile watu wanafanya sokoni, «six» na «dix» zinafanana vile vile. Herufi s, t na f zinaishi katika sauti za juu, na sauti za juu njo za kwanza kupotea wakati mikro iko mbali, wakati chumba kinarudisha sauti, ao wakati programu imebana sauti kupita kiasi. Mtu atasikia kwamba tunaongea, atatambua hata nani anaongea, lakini hatajua kama ni vijiko sita ao tisa vya dawa katika pompi.

Tuanze na chumba. Wote mnajua depo ya kooperative: ikiwa tupu, ukiita mtu sauti inarudi kutoka kila ukuta, siku imejaa magunia, inanyamaza. Chumba cha redio kinafanya sawa vile. Ukuta wa simenti, sakafu ya simenti na dirisha la vioo vinarudisha sauti kwenye mikro ikiwa imechelewa kidogo, na silabi zinapandana. Kwa hiyo chagua chumba kidogo chenye vitu laini: kitanda na godoro, nguo zilizotundikwa, mablanketi. Tundika blanketi nzito nyuma ya mtu anayeongea na ingine mbele yake, tandika kitambaa kinene juu ya meza. Piga makofi mara moja katikati ya chumba. Kama unasikia mlio unaofuata, ongeza nguo. Watu watacheka kuona studio inafanana na chumba cha kulala. Waache wacheke.

Mabati ni shida ingine. Mvua ikianza, hakuna programu itakayoondoa kelele ile. Katika miezi ya mvua ni afadhali kurekodi somo asubuhi wakati kumekauka, na kulipitisha saa ya emisio kama liko tayari, kuliko kupiga kelele juu ya mvua.

Mikro iwe karibu na mdomo, umbali wa mkono uliofungua vidole, kutoka kidole gumba mpaka kile kidogo. Ukiongeza umbali mara mbili, sauti yako inashuka sana, lakini kelele ya chumba inabaki vile ilivyo. Usiongee ndani ya mikro moja kwa moja. Igeuze kidogo pembeni, ili pumzi ya p na b isiipige. Kama huna mikro ya kununua, ekuteri za telefone zenye mikro yake zinashinda mikro ya ordinateri, kwa sababu ile ya ordinateri inasikia pia feni na vidole vyako. Tena, weka telefone yako mbali na kamba ya mikro: ule mlio wa «ti-ti-tit» mnaousikia unatoka kwenye telefone inayotafuta rezo. Na kama kuna mngurumo wa chini usioisha, chomoa chaja na uendelee kwa batri. Mara mingi unakatika hapo hapo.

Programu BUTT na Mixxx, ambazo ziko za bure, zinaonyesha nguvu ya sauti kwa rangi. Mtu aongee kwa nguvu yake ya kawaida, na kilele kifike karibu na alama ya -6. Ikifika kwenye nyekundu, sauti imepasuka, na hakuna atakayeishona tena. Ikiwa chini sana, msikilizaji atafungulia telefone yake mpaka mwisho na kusikia paka uvumi. Na muziki chini ya somo? Wengine wanaupenda, wanasema unachangamsha. Sisi tunaona uwekwe mwanzo na mwisho. Wakati wa kutaja vipimo unyamaze kabisa.

Sasa njo tufike kwenye rezo. Hapa kuna hesabu ambayo kila komite inapaswa kuijua, juu ni mfuko wa msikilizaji unaolipa. Emisio inayotumwa kwa kilobiti 128 kila sekunde inakula karibu mega 58 kwa saa moja. Kwa kilobiti 64 ni karibu mega 29. Kwa 32 ni karibu mega 14 na nusu. Redio mingi za nyumbani zinaachwa kwenye 128 na stereo, kwa sababu programu ilifunguka hivyo. Mtu mmoja anayeongea hahitaji stereo. Weka mono. Ukitumia MP3, kilobiti 64 za mono zinatosha vizuri kwa maneno. Ukishuka chini ya 32, zile s na t zinaanza kupotea. Ukitumia Opus, ile iliyokubaliwa kama kipimo cha intaneti mwaka wa 2012, kilobiti 32 zinaleta sauti safi, na hata 24 zinasikika. Telefone zingine za zamani hazifungui Opus, lakini MP3 inafunguka karibu kila mahali. Waulize wanamemba wanatumia telefone gani mbele ya kuchagua.

Jambo lingine: kila msikilizaji anapokea nakala yake. Kama ordinateri ya nyumbani njo inagawa yenyewe, wasikilizaji 40 kwa kilobiti 64 wanaomba kilobiti 2,560 kila sekunde, na rezo ya kijiji haiwezi kupandisha hizo. Ndiyo sababu tunatuma nakala moja tu kwenye serva iliyo mahali pengine, yenye programu kama Icecast, na yenyewe inagawia watu. Nyumbani tunabaki na kilobiti 64 za kupandisha. Pima nguvu ya kupandisha saa ile ile ya emisio, si saa sita ya usiku wakati watu wamelala, na hakikisha unapata angalau mara mbili ya kile unachotuma. Wakati wa emisio, telefone za watoto zitoke kwenye wifi ya nyumba.

BUTT inaweza pia kurekodi wakati inatuma. Iwashe kila mara. Rezo ikikatika, faili ya nyumbani inabaki nzima, na memba asiye na mega anaweza kuichukua kwenye karti ya telefone yake siku ya kuleta kahawa.

Mbele ya kila emisio, fanyeni jaribio hili. Mtu mmoja aende katika nyumba ingine na telefone ya bei ya chini, bila ekuteri, na kalamu. Mtangazaji asome hesabu kumi zilizochanganywa, sita na tisa zirudi mara kadhaa, na sentensi mbili za somo la siku. Yule aandike alichosikia, kisha mlinganishe karatasi mbili. Akikosea hesabu hata moja, rudini kwenye mikro na blanketi kwanza, halafu kwenye kilobiti. Na siku ya emisio, kila kipimo kisemwe mara mbili, mara ya pili kwa maneno mengine: «vijiko sita, yaani vitano na kimoja».