Viza Ikichelewa, Upendo Usipoe



Hapa Mabanga wapo akina mama ambao waume zao wako Marekani, nao wangali wakingoja viza. Mwaka wa kwanza ni matumaini. Wa pili ni maswali. "Labda ameoa huko," majirani husema. Mume naye huletewa maneno juu ya mkewe. Hivyo shaka hufika nyumbani kabla ya viza.

Tufahamu sababu. Mke wa raia wa Marekani hazuiwi na idadi ya viza za mwaka. Lakini mke wa mwenye grini kadi hungoja zamu, kwa kuwa sheria imeweka kiwango cha viza za kila mwaka. Karatasi zaweza kuwa sawa kabisa, na bado zamu haijafika.

Basi tufanye nini?

1. Mume ampelekee mkewe nakala ya risiti ya ombi. Kila mwezi serikali ya Marekani hutangaza tarehe ya maombi yaliyofikiwa. Ilinganisheni pamoja na tarehe iliyo kwenye risiti. Asiyefichwa karatasi hayumbishwi na uvumi.

2. Mume akipata uraia, atoe taarifa mara moja, ombi la mke litoke kwenye foleni. Watoto nao kila mmoja ahitaji ombi lake.

3. Mke asiache kazi wala kuuza ng'ombe kabla ya kushika viza mkononi.

Swali la kujadili: Juma hili, mmeongea juu ya viza tu, au pia juu yenu wawili?